Kutoka Kadi za Matundu hadi Mashine ya Ofisini: Historia ya ICL na Kompyuta Zake

Mwalimu wa shule ya msingi katika eneo la Yahuma, jimbo la Tshopo, anaijua kompyuta kubwa hata kama hajawahi kuiona. Anaijua kwa listingi, orodha ya walimu wanaolipwa. Jina lake likiwamo, amemekanizwa, yaani ameingizwa kwenye mashine ya malipo, na mshahara unamfuata. Lisipokuwamo, atafundisha mwaka baada ya mwaka akiishi kwa michango ya wazazi, na daftari la mkurugenzi wa shule linaloonyesha kwamba hakukosa kazini hata siku moja halitamsaidia kitu. Listingi hutoka Kinshasa. SECOPE, idara iliyoundwa katika miaka ya 1980 kudhibiti malipo ya walimu, ndiyo iliyoizoesha nchi nzima kusubiri karatasi hiyo.

Kulipa watu kwa orodha iliyotolewa na mashine wasiyoiona hakukuanzia Kongo. Ni kazi iliyojengwa na kampuni chache za mashine za ofisini, na katika nchi za Afrika Mashariki zilizotawaliwa na Waingereza kampuni iliyokuwa mbele ilijulikana kwa herufi tatu: kwanza ICT, halafu ICL. Mwaka 2025 ilitimia miaka 60 tangu Hazina ya Tanzania iweke kompyuta yake ya kwanza, yenye nembo ya nyumba hiyo. Hii ni historia ya nyumba yenyewe: ilikotoka, ilichokiunda na ilichowaachia wateja wake.

Haja iliyozaa mashine, 1890–1939

Sensa ya Marekani ya mwaka 1890 ilihesabu watu zaidi ya milioni 62. Mhandisi Herman Hollerith alipendekeza kila mtu aandikiwe kadi yake, na kila habari yake iwe tundu mahali maalumu kwenye kadi hiyo. Mashine ingepitisha umeme kwenye matundu na kuhesabu. Mwanzoni mwa karne ya 20 haki za kuuza mashine hizo Uingereza zilichukuliwa na kampuni iliyokuja kuitwa British Tabulating Machine Company, kwa kifupi BTM. Mwaka 1920 ilihamia Letchworth, mji mdogo kaskazini mwa London, na huko ikajenga kiwanda.

Mkataba wa BTM na Wamarekani, ambao kampuni yao ilikuja kuitwa IBM, ulikuwa mgumu. Robo ya mapato ilikwenda Marekani kama ada ya hataza. Kwa malipo hayo BTM ilipewa soko la Dola yote ya Uingereza, isipokuwa Kanada. Mgawanyo huo ulibaki ukionekana hata baada ya waliouandika kusahaulika. Nairobi, Kampala na Dar es Salaam ziliangukia fungu la BTM. Kongo ya Wabelgiji haikuwamo.

BTM ilikuwa na mpinzani nyumbani, Powers-Samas, ambayo mashine zake zilisoma matundu kwa pini za chuma badala ya umeme. Kadi za mmoja hazikuingia katika mashine ya mwingine. Mteja aliyechagua upande alikuwa amefunga ndoa: kuhama kulimaanisha kupiga upya kila kadi aliyonayo. Hapa ndipo kampuni hizi zilipojifunza jambo lililokuja kuwa utajiri wao na mzigo wao, kwamba mteja hung'ang'ania kazi aliyokwisha kuiweka ndani ya mashine kuliko mashine yenyewe.

Wateja walikuwa nani? Mashirika ya bima, reli, idara za takwimu, na makampuni yaliyotawanyika nchi nyingi. Kampuni kama Lever, ambayo kwa mkataba wa mwaka 1911 ilipata ardhi ya michikichi Kongo, pamoja na mashamba ya Lokutu ambayo sehemu yake imo Yahuma, ilikuwa na vibarua, maghala na meli katika mabara kadhaa. Makarani wenye kalamu hawangeweza kuzifikisha hesabu za namna hiyo mezani kwa wakati.

Vita, kisha kompyuta, 1939–1959

Wakati wa Vita Kuu ya Pili kiwanda cha Letchworth kilipewa kazi ambayo wafanyakazi wake hawakuruhusiwa kuizungumzia kwa miaka mingi. Mhandisi mkuu wake, Harold Keen, alisanifu na kuunda mashine zilizoitwa Bombe, zilizotumiwa na Alan Turing na wenzake wa Bletchley Park kuvunja siri za mawasiliano ya Wajerumani. Zaidi ya 200 ziliundwa. Kwa kampuni iliyozoea kuhesabu mauzo ya sabuni na malipo ya bima, hiyo ilikuwa hatua kubwa.

Mwaka 1949 BTM iliachana na IBM. Ada ya robo ya mapato ikakoma, na ulinzi wa soko nao ukakoma siku hiyohiyo. Kijana mmoja wa kampuni, Raymond Bird, alitumwa kujifunza kutoka kwa Andrew Booth wa Chuo cha Birkbeck, London, aliyekuwa amebuni kompyuta ndogo ya bei nafuu. Kwa kufuata ramani ya Booth, BTM iliunda mashine ya majaribio mwaka 1951, kisha ikauza kizazi chake kwa ofisi zilizotaka kutoka kwenye kadi tupu.

Mwaka huohuo, upande mwingine wa London, wauza chai na keki walikuwa wamewatangulia watengeneza mashine. Kampuni ya Lyons, maarufu kwa migahawa yake, ilikichangia Chuo Kikuu cha Cambridge pauni 3,000 kwa ajili ya kompyuta ya EDSAC, nayo ikapata ruhusa ya kuiga usanifu wake. Iliita ya kwake LEO. Mwishoni mwa mwaka 1951 LEO ilikuwa ikikokotoa thamani ya mikate na keki zilizotoka kiwandani wiki hiyo, na hiyo inahesabiwa kuwa kazi ya kwanza ya kila siku ya ofisi kufanywa na kompyuta. Mwaka 1954 ilianza kulipa mishahara. Mwandishi huyu anaona fahari ya nasaba hii imo hapo: watu waliojua bei ya andazi waliiweka kompyuta kazini kabla ya benki na serikali nyingi. LEO baadaye iliingia English Electric, na kwa mlango huo ikaja kuwa sehemu ya ICL.

BTM na Powers-Samas, mahasimu wa miaka 40, waliungana mwaka 1959. Jina jipya lilikuwa International Computers and Tabulators, yaani ICT.

Familia ya 1900, 1959–1968

ICT ilikua kwa kununua. Ilichukua biashara ya kompyuta ya GEC mwaka 1961, ya EMI mwaka 1962 na ya Ferranti mwaka 1963. Mashine yake ya 1301, iliyotangazwa mwaka 1960, ilikuwa na kipaji cha Kiingereza kabisa: ilijumlisha pauni, shilingi na peni ndani ya saketi zake, ikijua kwamba peni 12 ni shilingi na shilingi 20 ni pauni. Ofisi za Afrika Mashariki hazikuhitaji akili hiyo. Shilingi yetu ilikuwa na senti 100 tangu mwanzoni mwa miaka ya 1920, wakati Waingereza walisubiri hadi Februari 1971 kurahisisha sarafu yao.

Aprili 1964 IBM ilitangaza System/360, familia ya kompyuta ndogo na kubwa zinazoendesha programu zilezile. ICT ilijibu ndani ya miezi sita. Jibu lake lilitoka Kanada, ambako kampuni tanzu ya Ferranti, iliyoitwa Ferranti-Packard, ilikuwa imeunda mashine nzuri ya FP6000 isiyopata wateja wengi. Kwa msingi huo ICT ilitangaza familia ya 1900 tarehe 29 Septemba 1964. Mfumo wake endeshi uliitwa GEORGE. Jina hilo lilifafanuliwa rasmi kwa maneno marefu, ingawa kila mtu kiwandani alijua kwamba aliyeongoza kazi hiyo anaitwa George Felton. Mashine za 1900 ziliuzika Uingereza, Ulaya na katika nchi za Jumuiya ya Madola, na kwa miaka kadhaa ndizo zilizoizuia IBM isijitwalie soko zima.

Serikali ya London ilitaka mshindani mmoja mwenye nguvu. Chini ya Tony Benn, Waziri wa Teknolojia, ICT na idara ya kompyuta ya English Electric ziliunganishwa Julai 1968 kuwa International Computers Limited. Serikali ilichukua asilimia 10.5 ya hisa na kutoa pauni milioni 13.5 kwa utafiti. Sir John Wall akawa mwenyekiti, Arthur Humphreys akawa mkurugenzi mtendaji.

Hazina ya Dar es Salaam, 1965–1974

Mwaka 1965 Wizara ya Fedha ya Tanzania iliweka kompyuta ya kwanza nchini. Ubaoni iliandikwa ICT 1500, kumbe iliundwa Marekani na RCA, ambako iliitwa RCA 301. ICT ilikuwa ikiiuza kwa nembo yake kujaza pengo kabla ya 1900 kuwa tayari.

Kazi ilikuwa ikiongezeka kila mwaka. Juni 1966 Benki Kuu ilifunguliwa na shilingi ya Tanzania ikaanza kutumika. Februari 1967 Azimio la Arusha lilileta benki na viwanda mikononi mwa umma. Watumishi waliongezeka, vifungu vya bajeti vikaongezeka, na mwaka 1972 mpango wa madaraka mikoani ukasambaza matumizi ya fedha nchi nzima. Nchi changa yenye wahasibu wachache ilikuwa na kila sababu ya kutafuta msaada wa mashine, na wanaobeza uamuzi wa mwaka 1965 leo husahau ni kiasi gani cha kazi kilikuwa mezani.

Kazi yenyewe ilikwenda kwa mafungu. Karani wa mkoani alijaza fomu na kuituma Dar es Salaam. Mpiga kadi aliigeuza kuwa matundu, na mwenzake akapiga upya fomu ileile ili kuhakiki. Kadi zilipangwa, zikapitishwa, matokeo yakaandikwa kwenye tepu za sumaku, na mashine ya kuchapa ikatapika orodha. Namba moja ya hati ikikosewa Mbeya, marekebisho yalisafiri kwa posta kwenda na kurudi, na hesabu ya mwezi uliofuata ikaanza ya kwanza haijafungwa. Chumba chenyewe kilidai baridi ya viyoyozi, umeme usioyumba na mafundi wa kampuni. Hakikuwa mali ya Hazina peke yake hata siku moja.

Baadaye zikaja mashine za 1900. Hapa mteja alikutana na upande wa pili wa ndoa ile. Programu zilizoandikwa kwa mashine ya RCA hazikuweza kuendeshwa na 1900, kwa kuwa mbili hizo hazikuwa na undugu wowote ndani, licha ya kubeba nembo moja. Kazi iliyozoeleka ilibidi iandikwe upya, na walioweza kuiandika walikuwa zaidi wataalamu wa kigeni wa mikataba mifupi. Watanzania waliosomea fani hiyo walikuwa wachache, na usimamizi wa mradi haukuwa imara. Hesabu za Serikali zikavurugika, gharama za fedha za kigeni zikapanda, na Hazina ikarudi kwenye mashine za kawaida za uhasibu.

Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake. Wakati huo kompyuta zilizokuwamo nchini zilikuwa za kuhesabika kwa vidole. Maombi maalumu yalikuja kupitia kamati ya ushauri, na zuio lilianza kulegezwa hatua kwa hatua katika miaka ya 1980. Katika vijitabu vya sifa vya watengeneza kompyuta kisa hiki hakitajwi. Tunakitaja kwa sababu ndicho kipimo halisi cha huduma: mashine zilifanya kazi kama zilivyoahidiwa na kiwanda, lakini hesabu hazikufungwa.

Mashine inayokaa ofisini, 1973–1984

Mwaka mmoja kabla ya mlango wa Tanzania kufungwa, Aprili 1973, ICL ilitangaza mashine iliyowafaa wateja wa namna hiyo kuliko zote zilizotangulia. Ilibuniwa Stevenage na kuitwa 2903.

Jina lake lilidanganya kidogo. Kwa namba, lilimtangaza mtoto wa familia mpya ya 2900, ambayo ICL ilikuwa ikiiandaa kwa gharama kubwa na kuizindua rasmi Oktoba 1974. Kwa damu, 2903 ilikuwa 1900. Wahandisi walichukua kichakataji kidogo kilichokusudiwa kuongoza diski za mashine kubwa, wakakiwekea ndani maagizo yaliyokifanya kijifanye 1900. Programu za miaka ya 1960 zikaingia bila kuandikwa upya. Kwa wale waliozoea mashine ndogo za IBM, ICL iliweka lugha ya RPG, ili wahamie bila kujifunza kila kitu tangu mwanzo.

Haikudai chumba chenye sakafu ya kuinuliwa. Ilikusudiwa kuwekwa katika ofisi ya kawaida, miongoni mwa meza za makarani, pamoja na kisoma kadi, diski, mashine ya kuchapa na skrini ya mwendeshaji. Tena data ingeweza kuingizwa moja kwa moja kwa skrini na kibodi. Yule karani aliyeijua hati akawa anaona kosa lake hapohapo, kabla halijapanda posta. Ni mabadiliko madogo kuyaeleza, na makubwa kwa mtu aliyewahi kufunga hesabu za mwezi.

2903 na ndugu yake 2904 ziliuzwa vizuri, hata zikawa nguzo ya mapato katika miaka ambayo familia kubwa ya 2900 ilikuwa ikimeza fedha. Mwaka 1980 ikafuata ME29, yenye nafasi kubwa zaidi ya kuhudumia skrini nyingi kwa wakati mmoja.

Uongozi wa miaka hiyo ulibadilika mara kwa mara. Geoff Cross, aliyetoka Univac ya Marekani, alichukua ukurugenzi mwaka 1972 na kuilazimisha kampuni ifikirie mauzo kabla ya uhandisi. 2903 ilizinduliwa chini yake. Serikali ilimpa pauni milioni 40 za mkopo kukamilisha familia mpya. Mdororo wa uchumi wa Uingereza uliikuta kampuni na gharama nyingi, na mwaka 1981 iliokolewa kwa dhamana ya Serikali ya pauni milioni 200. Robb Wilmot, wa Texas Instruments, akaletwa kuinusuru. Alipunguza wafanyakazi na aina za mashine, kisha akaingia mkataba na Fujitsu ya Japani kupata teknolojia ya chipu ambayo ICL isingeweza tena kuigharamia peke yake. Kampuni ya mawasiliano ya STC iliinunua ICL mwaka 1984.

Hatua kuu

| Mwaka | Tukio |
|---|---|
| 1920 | BTM yahamia Letchworth |
| 1949 | Mkataba wa BTM na IBM wavunjwa |
| 1951 | LEO yaanza kazi za ofisi huko Lyons |
| 1959 | BTM na Powers-Samas zaungana kuwa ICT |
| 1964 | Familia ya 1900 yatangazwa |
| 1965 | ICT 1500 yawekwa Wizara ya Fedha, Dar es Salaam |
| 1968 | ICL yaundwa |
| 1973 | 2903 yatangazwa |
| 1974 | Familia ya 2900 yazinduliwa. Tanzania yazuia uingizaji wa kompyuta |
| 1980 | ME29 yatangazwa |
| 1984 | STC yainunua ICL |
| 1985 | Series 39 yazinduliwa |
| 1990 | Fujitsu yachukua asilimia 80 ya hisa |
| 2002 | Jina la ICL laondolewa |

Series 39 na miaka ya mwisho, 1985–2002

Series 39, iliyotoka mwaka 1985, ilifikisha mbali kazi iliyoanzishwa na 2903. Mashine yake ndogo, Level 30, iliingia ofisini ikiwa na mfumo endeshi wa VME, uleule wa mashine kubwa za idara za kodi na pensheni, na iliunganishwa na vifaa vyake kwa nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga wakati ambapo ofisi nyingi zilikuwa bado na nyaya nene za shaba. Peter Bonfield aliiongoza kampuni katika kipindi hicho na kuielekeza zaidi kwenye huduma na mifumo ya maduka. Fujitsu ilipochukua asilimia 80 ya hisa mwaka 1990, ICL ilibaki na jina lake, viwanda vyake na wateja wake. Jina lenyewe liliondolewa Aprili 2002.

Mradi mmoja wa miaka hiyo ya mwisho umeitia doa historia yote. ICL ilitengeneza Horizon, mfumo wa hesabu wa vituo vya Posta ya Uingereza, ulioanza kusambazwa mwaka 1999. Mfumo ulipoonyesha upungufu wa fedha, Posta iliamini skrini na kuwashtaki mawakala wake wa vijijini na mitaani. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani, baadhi wakafungwa, wengine wakafilisika. Mei 2024 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kufuta hatia hizo kwa pamoja, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika historia ya mahakama zao. Kwa mwalimu wa Yahuma ambaye jina lake limerukwa kwenye listingi, hoja ya Posta haina ugeni wowote: mashine imesema, basi wewe ndiwe mwenye kosa.

VME iliendelea kufanya kazi muda mrefu baada ya jina la ICL kutoka ubaoni, ikiendesha mifumo ya Serikali ya Uingereza, ya pensheni mojawapo. Wateja waliotoka familia ya 1900 walikuwa wamewekewa njia ya kuendeshea programu zao za zamani ndani ya mashine za 2900, na baadaye ndani ya Series 39, bila kuziandika upya. Hazina ya Dar es Salaam ilipohama kutoka ICT 1500 hadi 1900 haikuwekewa njia hiyo.